Mbio Zangu za Kumng'oa Diwani Mererid

Jumatatu, 21 Machi

Nimeamua. Nachukua fomu. Nagombea udiwani wa kata ya Llanwernog, na Mererid Gethin ajiandae kupumzika.

Miaka yote anapita bila kupingwa, utadhani kata hii haina wanaume. Ina wanaume! Nipo mimi, Ithel Bebb, mnadi mstaafu wa kondoo. Sauti yangu inajulikana kwenye kila mnada kuanzia hapa hadi baharini. Nikisema "mara ya kwanza, mara ya pili," hata ng'ombe husimama wakasikiliza.

Sababu si wivu. Naliandika hilo mapema. Sababu ni daraja. Mafuriko ya Februari yaling'oa mawe ya nguzo ya katikati, halmashauri ikaja, ikaweka vizuizi vyekundu, ikaondoka. Sasa duka, shule na barabara ya mjini viko huku, na nusu ya watu wako ng'ambo. Safari ya kuvuka mto imekuwa safari ya kuzunguka mlimani, saa nzima, nyuma ya kondoo wasiojua kupisha gari. Halmashauri inasema matengenezo labda mwakani. Labda!

Na Mererid anafanya nini? Hapo ndipo ninapoudhika. Anafanya kila kitu! Mkate wa watu wa ng'ambo, anapeleka yeye. Dawa, yeye. Mzee Caradog, aliyeongoza kwaya yetu tangu nikiwa kijana, figo zimemchoka, lazima afike hospitali kusafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Gari la wagonjwa limekataa njia ya mlimani, linamsubiri huku barabarani. Basi Mererid anamfuata ng'ambo kwa gari lake la shamba, anamleta, anamrudisha. Na huu ndio msimu wa kondoo wake kuzaa! Mtu mwenye adabu angewaachia wengine nao nafasi ya kusifiwa.

Nimemweleza dada yangu Morfudd wakati wa supu. Tunaishi wote tangu mumewe alipofariki, na hadi leo hajajifunza kuniheshimu. Aliuliza, nikiwa diwani nitafanya nini hasa. Nikamjibu hayo ni maswali ya baadaye. Akasema kura yake ni ya Mererid, na supu iliyobaki ni ya mbwa.

Siasa si lelemama.

Jumatano, 23 Machi

Mkutano wa daraja, ukumbi wa kanisa. Watu hadi kwenye ngazi. Nilivaa suti yangu ya minada na kukaa mstari wa mbele. Mpango: swali moja la mtego, Mererid ajikanyage, watu waanze kunong'ona.

Mererid aliingia amechelewa, mfupi, buti zimejaa matope, majani makavu kichwani. Hakuna aliyeshangaa. Kabla hajafika mbele alikwishamuuliza mmoja kuhusu goti lake, mwingine kuhusu mtoto wake aliyeko jeshini, na kumkabidhi Mzee Price miwani iliyotengenezwa mjini. Yote bila kusimama! Nimejaribu kukumbuka jina la mjukuu wa mtu yeyote. Nimeshindwa.

Nikasimama.  Nikatoa ile sauti. "Mheshimiwa diwani, tueleze hapa mbele ya watu. Umewahi hata siku moja kuwapitisha wakubwa wa halmashauri kwenye ile njia ya mlimani, waione kwa macho yao?"

Nilijua hajawahi. Nikakunja mikono nikisubiri ajing'ate ulimi.

Akasema, "Sijawahi."

Watu wakageuka kumtazama. Akavua kofia. "Sijawahi, na ni ujinga wangu. Nimewapigia simu, nimewatumia picha, nimewatukana kwa adabu zote nilizofunzwa na mama yangu. Kuwapitisha kule, sikuwaza. Ahsante, Ithel. Mmesikia, jamani? Hilo ndilo la kufanya."

Akatoa kalamu, akaandika kwenye kiganja chake. Makofi!

Nilidhani ni yangu. Nikainama kidogo. Morfudd akanivuta koti, akaninong'oneza nikae chini, wananicheka. Si kweli. Wachache tu ndio waliocheka.

Jambo la kukera: mtego wangu sasa ni wazo lake.

Ijumaa, 25 Machi

Upelelezi. Kiongozi lazima amjue mpinzani. Nilichukua keki za zabibu alizokaanga Morfudd kama kisingizio, nikaenda shambani kwa Mererid kutafuta udhaifu wake.

Nilimkuta bandani amepiga magoti juu ya majani, mkono umezama ndani ya kondoo hadi kwenye kiwiko. Simu ilikuwa juu ya robota la majani makavu, imefungwa kwenye mfuko wa mkate isichafuke, sauti ya bwana mmoja wa halmashauri ikitoka humo ikilia kuhusu bajeti.

"Nakusikia, bwana wangu," Mererid alikuwa anasema. "Subiri kidogo. Miguu inakuja vibaya. Hapana, si miguu yako."

Bwana wa bajeti akasema suala hili litajadiliwa kwenye kikao cha vuli.

"Vuli?" Mererid akasema. "Nina mzee huku wa kusafishwa damu. Akikosa safari mbili, Pasaka hatufiki naye. Anaitwa Caradog. Liandike hilo jina, uliweke hapo mezani, halafu uniambie tena hilo neno vuli. Ithel! Umesimama hapo kama mlingoti kwa nini? Shika hapa!"

Nikashika. Suti yangu! Kondoo akanisukuma ukutani, akanikanyaga, akafanya na mengine ambayo sitayaandika. Kisha mwana-kondoo akatoka, mnyonge, hapumui. Mererid akamshika miguu ya nyuma, akambembeza hewani mara moja, mara mbili, akamsugua mbavu kwa majani, akampulizia puani. Hakuna kitu. Akamsugua tena. 

Yule mdogo akapiga chafya.

"Huyo!" Mererid akasema. Kwa sauti ya chini sana, kama mtu aliye kanisani. Halafu akageukia simu. "Samahani. Tulifika wapi? Mhandisi. Jumatatu asubuhi, darajani. Ubarikiwe, bwana wangu, na wewe umsalimie mkeo, mgongo wake unaendeleaje?"

Machozi yalinitoka. Ni vumbi la majani.

Udhaifu wa Mererid: sikuuona, banda lina giza. Lakini nimepata siri kubwa. Mhandisi anakuja Jumatatu! Nitampokea mimi kwanza. Nitamwonyesha daraja mimi, nitampa chai mimi, nitapigwa naye picha mimi. Gazeti litaandika: BEBB AOKOA DARAJA. Suti imelowekwa. Morfudd anasema itabidi izikwe.

Jumatatu, 28 Machi

Niko kitandani naandika, mlango nimefunga kwa ufunguo.

Asubuhi nilisimama pale barabara inapoingia kijijini, nimevaa suti ya mazishi, nimebeba chupa ya chai na keki zote zilizobaki. Morfudd yuko pembeni na kamera, amenuna. Mererid alikuwa amekwenda kumtoa Caradog ng'ambo kwanza. Uwanja wote wangu!

Likatokea gari dogo la bluu. Ndani yake msichana mwenye nywele zilizojiviringa. Akashusha kioo, akaniuliza daraja liko wapi. Hawa ndio watalii wa kupiga picha maporomoko ya maji, wanatujaa kila mwaka. Nikamwambia limefungwa, akitaka kuona mto aende ng'ambo, njia ni ile ya mlimani. Akaanza kusema kwamba yeye ametoka... Nikamkatiza kwa mkono. Binti yangu, nikamwambia, nina mgeni mkubwa hapa, tafadhali usinizibie barabara. Akaniangalia sana. Akaenda mlimani.

Baadaye, gari kubwa jeupe! Dereva mwenye koti la manjano, kofia ngumu iko kitini! Nikamfungulia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Nikampeleka darajani, nikamwonyesha nguzo, nyufa, maji, nikamweleza historia ya daraja tangu enzi za babu zetu. Keki akala zote. Alitikisa kichwa kila mahali panapostahili. Picha: mimi nimenyoosha kidole, yeye ametazama. Nikamalizia kwa hotuba. Nilipomuuliza kazi itaanza lini, alijipangusa mdomo, akasema:

"Mzee, maneno yako mazuri sana, nimejifunza mengi. Ila mimi nimekuja kuzibua vyoo vya shule."

Loo!

Na shule ilikuwa inamsubiri tangu asubuhi. Watoto wamebana miguu hadi mwalimu mkuu akawarudisha nyumbani. Mama zao wote wanajua ni nani aliyemchelewesha fundi.

Bado sijamaliza. Yule msichana wa nywele zilizojiviringa ndiye mhandisi! Anwen Tudur, mhandisi mkuu wa madaraja wa halmashauri nzima! Nilimtuma mlimani kwa mkono wangu mwenyewe!

Yaliyompata huko nimeyasikia jioni. Kondoo walimkalia barabarani. Kisha kwenye ile kona nyembamba, bonde upande mmoja na jabali upande wa pili, akakutana uso kwa uso na Mererid akija na mgonjwa. Ikabidi arudi kinyumenyume kipande kirefu, magurudumu yakitafuna ukingo. Caradog akashusha kioo, akampa maoni yake kuhusu halmashauri kwa ile sauti aliyokuwa akiwafokea waimba besi. Mhandisi alipofika chini alishuka garini. Alimtazama yule mzee alivyovimba miguu, akauliza anapitishwa pale mara ngapi kwa wiki. Mererid akamwambia.  Alikwenda darajani, akaingia majini na buti zake, na Mererid nyuma yake ameshika kamba.

Mererid alikuja hapa nyumbani, ametota, anacheka. Nilijificha jikoni, Morfudd akanitoa. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Ithel! Ulimpitisha mlimani! Mimi nilikuwa naumiza kichwa nitamshawishi vipi, kumbe wewe umeshamaliza! Anaandika ripoti yake leo leo."

Nikamwambia ulikuwa mkakati. Chai ikampalia Morfudd.

Jumatano, 30 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye mpango. Mpango ulikuwa mzuri.

Watu wanampenda Mererid kwa sababu ya Caradog. Kwa hiyo nikimchukua Caradog mimi, watanipenda mimi. Hesabu rahisi. Niliondoka mapema kabla yake, nikazunguka mlimani, nikagonga mlango wa mzee nikamwambia Mererid ndiye aliyenituma.

Caradog akanipima juu hadi chini. "Amekutuma wewe? Basi ana homa."

Akaingia hata hivyo. Amevaa koti lake zito, blanketi magotini. Njia nzima ananitukana uendeshaji wangu. Sikujali, nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba ya ushindi kimoyomoyo. Huko juu theluji ilikuwa imeanza kuanguka, laini tu, ya kuchezea. Nikafika kwenye sehemu ya hotuba inayohitaji ishara ya mikono miwili.

Gari likaenda mtaroni.

Halikuumiza mtu. Lakini halikutoka. Nikasukuma, nikachimba kwa mikono, nikaweka zulia la gari chini ya gurudumu, gurudumu likalirusha bondeni. Simu haina mtandao kule. Theluji ikazidi, upepo nao. Nikarudi ndani. Nikamwambia Caradog kila kitu kiko sawa.

Hakunitukana.

Hapo ndipo nilipoogopa. Caradog akinyamaza, jambo limeharibika. Midomo yake imepauka, vidole vimevimba kama soseji, kichwa kinaangukia kifuani. Nilimwita. Akaguna. Nikavua koti langu nikamfunika. Nikamwita tena, hakuguna.

Sikujua la kufanya, nikaimba. Wimbo ule wa kanisani wa maombolezo aliotufundisha sisi vijana wa sauti ya tatu. Nikaimba vibaya. Ubeti wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, nikakosea pale ninapokosea siku zote.

"Chini!" akasema, macho yamefumba. "Noti iko chini, ng'ombe wewe!"

Sijawahi kufurahia tusi namna ile. Nikaimba tena, nikakosea kwa makusudi. Akanitukana tena. Tukaendelea hivyo, mimi nakosea, yeye ananirekebisha, mpaka nikasikia mngurumo.

Trekta. Mererid.

Alikuwa amempigia Caradog simu kabla ya kuondoka, jirani wa mzee akapokea akamwambia nimekwishamchukua, na gari la wagonjwa likasema hatujafika, akachukua trekta. Hakuniuliza kitu. Hata kunitazama hakunitazama. Alifungua mlango, akamwambia mzee, "Twende, mwalimu wangu," akamwinua mikononi mwake, mwanamke mfupi vile, akampandisha kwenye kibanda cha trekta chenye joto. Humo ndani mlikuwa na mwana-kondoo ndani ya gunia, naye hali yake mbaya. Mzee akampakata huyo mdogo. Nilimwona Caradog akimfunika masikio.

Kisha akafunga mnyororo kwenye gari langu, akalitoa mtaroni kama jino. Ndipo akaniambia, "Fuata alama za magurudumu yangu. Polepole. Na usifikiri, Ithel. Nakuomba. Usifikiri kabisa."

Nikafuata. Gari la wagonjwa lilikuwa bado linasubiri barabarani, Mererid alikwishawapigia wasiondoke. Saa za mchana hospitali ilileta habari: mzee yuko kwenye mashine, amekwishamtukana muuguzi. Atapona.

Sitaki kuandika tena leo.

Ijumaa, 1 Aprili

Morfudd ameniambia jambo. Wakati Mererid yuko mlimani kututafuta, kondoo wake mmoja alikuwa anazaa peke yake bandani. Amekufa, na wanawe wawili. Mererid hajamwambia mtu. Morfudd anajua kwa sababu alikwenda kumsaidia kuwatoa.

Sikula.

Mchana zikaja habari kwamba halmashauri imekubali kuleta daraja la muda la chuma, mara baada ya Pasaka. Ati mhandisi Anwen amewawekea ripoti mezani na kukataa kutoka chumbani mpaka waisome. Leo ni Siku ya Wajinga! Mimi si wa kuchezewa. Nimepita mlango kwa mlango nikiwaonya watu wasidanganyike. Nilikuwa katikati ya kumwonya mwenye duka wakati Anwen mwenyewe alipoingia na mafundi wake wa kupima, akanunua maziwa.

Alinitambua. Akaniuliza kama mgeni wangu mkubwa alifika.

Jumatatu, 4 Aprili

Kesho ndiyo mwisho wa kurudisha fomu. Nilipiga moyo konde. Siyo vizuri kumpinga mtu nyuma ya mgongo wake. Nitakwenda nimwambie usoni, kiungwana.

Nilimkuta bandani, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, buti amevua, miguu kwenye majani. Simu inalia ndani ya mfuko wake wa mkate. Anaitazama tu. Ikakata. Ikalia tena.

"Ithel," akasema, "umekuja wakati mzuri. Nadhani sigombei tena."

Nikadhani nimesikia vibaya.

Akasema amechoka. Akasema simu inaanza kabla hajavaa soksi. Takataka hazijachukuliwa, taa ya njia panda imezimika, mbwa wa fulani kamuuma fulani, na wote wana haki, hilo ndilo linalomchosha, wote wana haki. Akasema kondoo angalau hawapigi simu. Akaangalia kona moja ya banda, iliyofagiliwa, tupu. Hakusema neno kuhusu hiyo kona. Mimi nilijua.

"Nimesikia unautaka udiwani," akasema. "Chukua. Kwa moyo mweupe. Mimi nitakupigia kura."

Kiti! Kwenye sinia! Bila kampeni! Nikafungua mdomo niseme ndiyo.

Sijui ni nini kilichotoka. Kilichotoka ni ile sauti ya mnada. Nikasikia mwenyewe nikipaza, kondoo wote wakainua vichwa. Nikamwambia haiwezekani! Nikamwambia, ni nani aliyekesha mlangoni kwa waziri, sawa, hakukesha, lakini ni nani aliyekaa pale mpaka posta yetu ikanusurika kufungwa? Ni nani aliyepata gari la kusukuma theluji kwa barabara ya shule? Nani alimtafutia mjane wa Tomos nyumba yenye joto? Nani atamfokea bwana wa bajeti huku mkono uko ndani ya kondoo, halafu amuulizie mgongo wa mkewe? Mimi?

"Wewe unaweza kujifunza," akasema.

"Mimi?" nikapiga kelele. "Mimi nilimpa keki mzibua vyoo!"

Hapo akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, halafu kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa mkono wa sweta. Nami nikageuza ndoo nyingine, nikakaa. Kisha nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba kuhusu kondoo yule na wanawe, najua, na kwamba kuanzia sasa kila akienda kumchukua Caradog mimi nitakaa hapa bandani. Kushika najua. Nilishika.

Simu ikalia. Akaiangalia. Akavaa buti moja, akaichukua.

"Halo, Mererid hapa. Sema, mama."

Nimerudi nyumbani. Morfudd kauliza imekuwaje. Nimemwambia nimeshinda: Mererid anagombea.

Kampeni yangu ya kwanza yenye mafanikio, na nimemfanyia mpinzani! Lazima nilikuwa na homa.

Jumamosi, 23 Aprili

Daraja limefunguliwa. La chuma, la kijani, linatoa mlio ukilikanyaga, zuri kupita kiasi. Watu wa huku na watu wa ng'ambo walikutana katikati wakakumbatiana kana kwamba wametoka Marekani. Hakuna aliyejitokeza kumpinga Mererid, kwa hiyo kapita tena bila uchaguzi.

Mwenyekiti wa halmashauri alikuja na mkasi na mpiga picha wake. Mererid akaupokea ule mkasi kwa heshima zote, akamkabidhi Caradog. Mzee alisimama kwa fimbo, amenyooka. Kwanza akaigeukia kwaya akawaambia wanasimama kama magunia. Ndipo akakata utepe. Kisha akavuka kwa miguu yake, taratibu, hadi kwenye gari la wagonjwa lililoletwa siku hiyo kwa majaribio hadi ng'ambo mlangoni kwake, akaligonga kwa fimbo kama mtu anayekagua farasi. Watu walilia. Mimi nilikuwa na vumbi tena.

Mererid akasema maneno machache. Hakujitaja. Alimtaja Anwen, mafundi, mwenye duka, watoto wa shule. Halafu akasema, "Na Ithel Bebb, aliyempitisha mhandisi mlimani, na aliyekaa na kondoo wangu mwezi huu wote. Wamezaliwa kumi na mmoja mikononi mwake, wote wazima. Mmoja nimempa jina lake, maana hanyamazi."

Makofi. Safari hii Morfudd hakunivuta koti.

Niandike na hili, kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Wakati watu wote wako juu wanakunywa chai, nilimtafuta Mererid. Hakuwepo mezani, hakuwepo kwenye picha. Alikuwa chini, kwenye ukingo wa mto, ameinamisha kichwa chini ya daraja, anakagua nguzo na kina cha maji, mbwa wake pembeni. Peke yake. Nilikaa pale juu nikamtazama mpaka chai yangu ikapoa. Nikawaza kwamba kuna watu wachache duniani ambao, wakitoka mahali, mahali penyewe panabaki pamesimama vizuri zaidi.

Nikawaza hivyo kwa muda mrefu kabisa.

Jumapili, 24 Aprili

Nimetafakari kanisani, mahubiri yalikuwa marefu. Nimejipima bila huruma. Nimejiuliza: Ithel, katika mambo yote haya, umekosea wapi?

Nimepaona. Nililenga chini mno!

Udiwani ni kazi ya matope. Inataka mtu wa kuamka mapema na kukumbuka majina. Mtu wa kipaji changu, aliyemshawishi hata Mererid Gethin, mahali pake ni Bunge, huko mji mkuu, Cardiff! Nimekwishamfikiria waziri wa barabara. Atapita hapa mwezi ujao kuona daraja. Nitamvizia pale barabarani kabla ya wengine wote, nimweke pembeni, nimpe maoni yangu kuhusu nchi. Morfudd nimemwagiza suti mpya. Amesema anakwenda kuishi kwa binamu yake.

Nimekwenda moja kwa moja bandani kumwambia Mererid, asije akasikia kwa watu. Alikuwa ananyonyesha mwana-kondoo kwa chupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yametoka. Halafu akacheka. Alicheka mpaka chupa ikamtoka mkononi, akakaa chini kwenye majani, akawa anapigapiga ukuta kwa kiganja, hawezi kusema.

Maskini, sijawahi kumwona mtu amenifurahia kiasi kile.